Kura ya Maktaba Mpya: Jengo Moja, Fedha za Aina Mbili

Mwezi Novemba sisi wapiga kura wa mji huu tutaulizwa, pamoja na maswali mengine mengi yaliyojaa pande zote mbili za karatasi ya kura, kama tunaukubalia mji ukope fedha kwa kuuza hatifungani, yaani hati za mkopo, ili ujenge maktaba mpya ya umma, na kama tunakubali deni hilo lilipwe kwa nyongeza ya kodi ya majengo kwa muda usiozidi miaka 30. Nitapiga kura ya ndiyo bila kusita, na ninawasihi wenzangu wanaozungumza Kiswahili waliokwisha kupata uraia wa Marekani wafanye vivyo hivyo kila swali kama hili linapowafikia. Lakini kuna jambo moja ambalo wanaoitetea maktaba hulipitia juu juu na wanaoipinga hulikuza kupita kiasi, ilhali mpiga kura anastahili kuelezwa waziwazi: fedha tunazoombwa ni za kujenga tu. Fedha za kuifungua maktaba asubuhi, kumlipa mkutubi, kununua vitabu na kuwasha taa ni fedha nyingine, zinatoka mfuko mwingine, na katika mji wetu hakuna aliyetuuliza lolote kuhusu hizo.

Utaratibu huu wa kupigia kura kodi ni mgeni kwa wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki. Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, na nafasi ya mwananchi ni kuhudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma na kutoa maoni yake kuhusu bajeti, kisha wawakilishi wa wadi ndio wanaoamua. Tanzania ina bodi ya taifa ya huduma za maktaba, iliyotokana na sheria ya mwaka 1963, nchi ilipokuwa bado inaitwa Tanganyika. Kote huko hakuna siku ambayo mwananchi huingia kwenye kituo cha kura akaulizwa yeye mwenyewe kama yuko tayari kodi yake ipande ili mtaa wake upate maktaba. Huku Marekani zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya maktaba za umma hutoka katika serikali za mitaa, wala si Washington, na katika majimbo mengi serikali hizo haziruhusiwi kuingia deni kubwa la namna hii, wala kupandisha kodi ya majengo kupita kiwango fulani, mpaka wananchi wapige kura. Ndiyo maana huniuma kuwasikia ndugu zetu wakisema kwamba wamemchagua rais, seneta na gavana, kisha wakaiacha sehemu ya chini ya karatasi ikiwa tupu kwa sababu maswali yake ni marefu na lugha yake ni ya kisheria. Wanaofika huko chini ni wachache kuliko wanaomchagua rais, kwa hiyo kura ya kila mmoja wao ina uzito mkubwa zaidi.

Swali letu limeandikwa kama sentensi moja, nayo inachukua takriban robo ya ukurasa. Inaanza kwa kuuliza kama mji uruhusiwe kuingia deni lisilozidi kiasi kilichotajwa. Kisha inaorodhesha kazi zitakazofanywa na fedha hizo, yaani kununua kiwanja, kusanifu, kujenga, kuweka samani na kufunga vifaa. Halafu inataja kiwango cha juu cha kodi kwa mwaka, inaahidi kamati ya wananchi ya kusimamia matumizi pamoja na ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka, na inaishia kwenye viduara viwili vya kujazwa kwa wino mweusi, kimoja cha ndiyo na kingine cha hapana. Nimeipitia neno kwa neno nikiwa na kalamu mkononi, nikikipigia mstari kila kinachonunuliwa. Samani zimo. Nyaya za intaneti zimo. Hata miti ya kivuli kwenye maegesho ya magari imo. Mkutubi hayumo, vitabu vya mwaka wa pili na wa tatu havimo, na saa za kufungua hazimo.

Kwanza nieleze mkopo wenyewe unavyofanya kazi, maana hapo ndipo watu wengi wanapotishwa na tarakimu. Mji ukipata idhini ya wapiga kura huuza hatifungani kwa wawekezaji, unapokea fedha zote za ujenzi mapema, kisha unawarudishia wawekezaji fedha zao pamoja na riba, kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kwa kawaida riba ambayo mwekezaji anaipata kutokana na hatifungani za serikali za mitaa haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, na kwa sababu hiyo wawekezaji hukubali riba ndogo kuliko ile ambayo kampuni binafsi ingelazimika kuwalipa. Kodi ya kulipia deni hukokotolewa kwa thamani ya nyumba jinsi ilivyokadiriwa na mthamini wa kaunti. Tuseme kiwango kilichoidhinishwa ni senti 25 kwa kila dola 1,000 za thamani iliyokadiriwa: mwenye nyumba iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola 240,000 atalipa dola 60 kwa mwaka, yaani dola 5 kwa mwezi. Katika majimbo mengi thamani ya kodi huwa chini ya bei ambayo nyumba ingeuzwa leo, kwa hiyo mtu asipige hesabu yake kwa bei anazoziona kwenye matangazo ya madalali, bali atazame hati yake ya kodi. Mpangaji naye asijione yuko nje ya jambo hili, kwa sababu mwenye nyumba hutafuta njia ya kuiingiza kodi katika pango. Ama muda wa miaka 30, ambao wapinzani wanautaja kana kwamba ni kifungo, mimi nauona kuwa wa haki, kwa sababu mtoto anayesomewa hadithi leo atakuwa mtu mzima anayelipa kodi kabla deni halijakwisha, na jengo litakuwa bado linamhudumia.

Sasa turudi kwa mkutubi ambaye hayumo katika sentensi. Sioni hila katika hilo. Deni la muda mrefu limewekewa mipaka ya kisheria ili litumike kwa vitu vya kudumu, kama vile ardhi, kuta, paa na mitambo. Kukopa kwa miaka 30 ili kulipa mishahara ya mwezi huu ni kula mbegu, na sheria inafanya vema kuzuia. Kwa hiyo fedha za uendeshaji lazima zitoke katika bajeti ya kila mwaka ya mji, au katika kodi maalumu ya maktaba inayopigiwa kura peke yake. Kosa linaingia pale wananchi wanapoachwa waamini kwamba kura moja imemaliza kazi zote mbili.

Tatizo hili lina umri sawa na maktaba za umma zenyewe. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya maktaba za umma mwaka 1850, liliiruhusu miji yenye wakazi zaidi ya 10,000 kutoza kodi ya nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya mali, mradi theluthi mbili ya walipakodi waliopiga kura wamekubali, lakini fedha hizo zilikuwa za jengo na matunzo yake; vitabu havikuruhusiwa kununuliwa kwa kodi hiyo. Watungaji wa sheria walitarajia kwamba watu wenye moyo wa ukarimu wangevitoa bure. Mwaka 1855 sheria ilibidi ibadilishwe, kiwango kikapandishwa hadi peni moja, na hatimaye mji ukaweza kununua kitabu kwa kodi ya wananchi wake. Miaka 17 kabla ya sheria ile ya kwanza, mji mdogo wa Peterborough katika jimbo la New Hampshire ulikuwa umeanzia upande wa pili. Mwaka 1833 mkutano wa wananchi wa mji huo uliamua kwamba sehemu ya fedha za umma zilizotoka kwa jimbo zitumike kununua vitabu vya kuazimwa na kila mkazi bila malipo, na vitabu hivyo vikawekwa katika duka lililokuwa pia posta ya mji. Jengo halikuwapo. Hata hivyo Peterborough ndiyo inayotajwa leo kuwa na maktaba ya umma ya kwanza ya bure nchini Marekani iliyoanzishwa kwa fedha za kodi, na watu wake walisoma.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma cha pua aliyegharimia ujenzi wa maktaba zaidi ya 2,500 duniani, zaidi ya 1,600 kati yake zikiwa Marekani, alilielewa jambo hili kuliko wahisani wengi waliokuja baada yake. Alitoa jengo, lakini hakutoa senti mpaka mji uahidi kutoa kiwanja na kutenga kila mwaka, kutoka kwenye kodi zake, angalau asilimia 10 ya kiasi alichotoa yeye, kwa ajili ya kuiendesha maktaba. Mji uliopewa dola 20,000 ulijifunga kutenga dola 2,000 kila mwaka. Miji kadhaa ilikataa zawadi hiyo, na mingine ilibishana kwa miaka, sababu mojawapo ikiwa ni sharti hilo la kodi. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kusema kuhusu namna utajiri ule ulivyopatikana na namna wafanyakazi wa viwanda vyake walivyotendewa. Lakini sharti lile lilikuwa sahihi, na ningependa kila halmashauri ya mji inayotuletea swali la jengo ijiwekee sharti kama hilo yenyewe.

Kinachonifanya nishikilie hoja hii ni yaliyoikuta Kaunti ya Jackson, kusini mwa jimbo la Oregon. Mwaka 2000 wapiga kura wa huko waliidhinisha hatifungani za takriban dola milioni 39 ili matawi yote 15 ya maktaba ya kaunti yajengwe upya au yakarabatiwe. Kazi ilifanyika kama ilivyoahidiwa. Mwaka 2004 maktaba kuu mpya ya Medford ilifunguliwa, na miji midogo ya kaunti hiyo nayo ikapata majengo mazuri. Uendeshaji, hata hivyo, ulitegemea mfuko mkuu wa kaunti, na mfuko huo kwa miongo mingi ulikuwa umetegemea fedha kutoka serikali kuu zilizotokana na misitu. Sehemu kubwa ya ardhi ya misitu huko ni mali ya serikali kuu na haitozwi kodi, hivyo kaunti zilikuwa zikipewa sehemu ya mapato ya magogo badala yake. Uvunaji uliposhuka katika miaka ya 1990, baada ya misitu ya kale kulindwa kwa ajili ya bundi wa madoa, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2000 malipo ya muda ya kuziba pengo. Muda wa malipo hayo ulikwisha mwaka 2006.

Kaunti iliwaomba wapiga kura kodi maalumu ya kuendesha maktaba, nao wakakataa. Aprili 2007 matawi yote 15 yakafungwa siku moja. Rafu zilikuwa mpya, mazulia mapya, milango imefungwa kwa kufuli, na wenye nyumba wakawa wanaendelea kulipa kodi ya hatifungani kwa majengo ambayo hawakuweza kuyaingia. Mwezi Mei mwaka huo huo waliulizwa tena, wakakataa tena. Maktaba zilifunguliwa mwezi Oktoba kwa saa chache kuliko zamani, zikiendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba. Ilichukua mpaka mwaka 2014 wananchi kuunda kwa kura wilaya maalumu ya maktaba, yaani chombo cha umma kinachoshughulikia maktaba tu, yenye kodi yake ya kudumu, isiyozidi senti 60 kwa kila dola 1,000 za thamani iliyokadiriwa. Watu wa kule hawakuwa maadui wa vitabu. Walikuwa wameidhinisha deni la mamilioni kwa ajili ya maktaba. Lakini walikuwa wameulizwa swali la jengo wakati nchi ina neema, wakaulizwa swali la uendeshaji baadaye wakati mambo yamekaza, na kati ya maswali hayo mawili hakuna aliyewazoeza kuyaona kuwa ni jambo moja.

Hata mji mkubwa na tajiri hausalimiki. Seattle iliidhinisha hatifungani za dola milioni 196.4 mwaka 1998, ikajenga maktaba kuu ya kioo na chuma iliyofunguliwa mwaka 2004 na kuvuta wageni kutoka kila pembe ya dunia, na ikajenga au kukarabati matawi yake mtaa kwa mtaa. Ulipofika mdororo wa uchumi, maktaba zote za mji zikawa zinafungwa kwa juma zima kila mwaka ili kubana matumizi, tangu 2009 hadi 2012, mpaka wapiga kura walipoidhinisha mwaka 2012 kodi ya miaka saba kwa ajili ya uendeshaji.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi ninapiga kura ya ndiyo. Jibu liko katika maktaba tuliyo nayo. Kipindi cha kuwasomea watoto hadithi hufanyika katika ushoroba ulio kati ya vyoo na rafu za ramani, na mkutubi hulazimika kunyamaza kila mlango unapofunguliwa, kisha aanze tena palepale alipokatizwa huku watoto wakimkumbusha alikuwa amefikia wapi. Mkusanyiko wa historia ya mji uko chini ya ardhi, mwisho wa ngazi nyembamba isiyo na lifti. Mtu wa kiti cha magurudumu huandika anachokitaka kwenye kikaratasi na kusubiri juu aletewe, kwa hiyo hajawahi kupata raha ya kupita mbele ya rafu hizo na kuchomoa kitabu ambacho hakujua kwamba kipo. Vikasha vya kunyonya unyevu vinanguruma huko chini mchana kutwa, na bado karatasi za zamani zinajikunja pembeni. Hakuna mkutubi hodari kiasi cha kuliponya jengo kwa bidii yake.

Nimemwona pia mama mmoja kutoka Kongo, ambaye alifika huku kama mkimbizi baada ya miaka mingi kambini, akijifunza maswali ya mtihani wa uraia katika meza ya pembeni pamoja na mwalimu wa kujitolea. Meza hiyo ndiyo pekee iliyo mbali na foleni ya kompyuta, na wakiikosa hukaa kwenye ngazi. Aliponiona alinisalimia kwa Kiswahili, akaniomba nimsomee neno moja la kisheria ambalo lilikuwa linamshinda kutamka, akalirudia mpaka likamkaa. Nilimwuliza kwa nini hasomei nyumbani. Akanijibu kwamba nyumbani kuna watu wengi na meza hakuna. Huyo si mtu wa kuambiwa kwamba siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Simu anayo. Alichokuja kukitafuta ni kiti, meza, utulivu, na mtu wa kumsahihisha, na vyote hivyo vinahitaji nafasi yenye kuta.

Wakutubi wenyewe hawawezi kutuomba kura. Katika majimbo mengi sheria inawazuia watumishi wa umma kutumia muda wa kazi au fedha za umma kufanya kampeni. Wanaruhusiwa kueleza pendekezo linasema nini na litagharimu kiasi gani, basi. Kazi ya kushawishi inabaki kwa wananchi, na hasa kwa chama cha marafiki wa maktaba, ambacho nimejiunga nacho na ambacho hunituma kugonga milango Jumamosi.

Katika mojawapo ya milango hiyo alitoka mzee mmoja mjane ambaye amelipa kodi ya nyumba ileile tangu kabla mimi sijafika nchi hii. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniambia kwamba pensheni yake haipandi kwa kasi ya kodi, kwamba watoto wake wamekwisha kuondoka, na kwamba vitabu alivyo navyo vinamtosha kwa umri uliobaki. Nilimweleza kwamba jimbo lina nafuu ya kodi kwa wazee wenye kipato kidogo, ambayo haiji yenyewe bali huombwa kwa fomu, na nikamwachia anuani ya ofisi inayoitoa. Hapo akaniuliza swali ambalo katika karatasi zetu za kampeni halikuandikiwa jibu: wakimaliza kujenga, watarudi kuniomba tena? Nilimjibu kwamba ndiyo, kwa maoni yangu watarudi, kwa sababu jengo kubwa zaidi linahitaji watu zaidi wa kulihudumia, na mimi mwenyewe nitakuwa miongoni mwa watakaorudi. Alitikisa kichwa, akachukua karatasi, wala hakuniambia atapiga kura gani. Wenzangu waliona kwamba nimempa sababu ya kukataa. Mimi naona kwamba mtu aliyefichiwa swali la pili leo ndiye atakayelikataa kwa hasira atakapokutana nalo, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Kuna majimbo ambayo hata wingi wa kura hautoshi. California inadai theluthi mbili ya kura ili mji au kaunti iuze hatifungani zinazolipwa kwa kodi ya majengo. Mwaka 2000 wapiga kura waliziondolea shule mzigo huo kwa kushusha kiwango hadi asilimia 55, lakini walipoulizwa Novemba 2024, kwa Pendekezo la 5, kama nafuu hiyo ienezwe kwa nyumba za bei nafuu na miundombinu ya umma, ambamo maktaba zingekuwamo, walikataa. Maana yake ni kwamba huko maktaba inaweza kuungwa mkono na watu 65 kati ya 100 na bado isijengwe. Katika jimbo letu wingi wa kawaida unatosha, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiacha nafasi hii ipite.

Kushindwa nako kuna matokeo yake, na si kweli kwamba mambo hubaki yalivyo. Huko huko Oregon, wapiga kura wa Kaunti ya Douglas walikataa mwezi Novemba 2016 pendekezo la kuunda wilaya ya maktaba yenye kodi yake, na kufikia katikati ya mwaka 2017 kaunti ilikuwa imeyafunga matawi yake yote, likiwamo lile kuu la Roseburg. Baadhi ya miji midogo ilifungua tena milango kwa nguvu za watu wa kujitolea, kwa saa chache, na kwa vitabu vilevile vya zamani. Salinas, mji wa California alikozaliwa mwandishi John Steinbeck, ulikataa mapendekezo ya kodi mwaka 2004, na halmashauri ikatangaza kwamba maktaba zote tatu zitafungwa. Wakazi walichangishana ili milango ibaki wazi kwa muda, na mwaka uliofuata wakaidhinisha nyongeza ya nusu senti katika kodi ya mauzo. Mji huo ulipata nafasi ya kujirekebisha ndani ya mwaka mmoja. Kaunti ya Jackson iliisubiri kodi ya kudumu kwa miaka saba.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa madiwani wetu kabla ya siku ya kura ni kitu kimoja kinachowezekana. Watoe makadirio ya uendeshaji ya miaka kumi ya kwanza, kwenye ukurasa mmoja ambao mtu asiye mhasibu anaweza kuusoma: maktaba mpya itafunguliwa saa ngapi na siku ngapi kwa wiki, itahitaji wafanyakazi wangapi wa kudumu kuliko walioko sasa, itatenga kiasi gani kwa vitabu vipya, gharama ya umeme na usafi itapanda kiasi gani, na fedha hizo zitatoka wapi. Kama mfuko mkuu wa mji unazimudu, waseme, na waoneshe ni huduma gani nyingine itakayopunguziwa. Kama hauzimudu, watangaze sasa kwamba swali la kodi ya uendeshaji litaletwa kwa wapiga kura kabla jengo halijakamilika, na walitaje kwa tarehe. Kusanifu, kutangaza zabuni, kumpata mkandarasi na kujenga ni kazi ya miaka, si miezi, na katika muda huo tutakuwa tumerudi kwenye masanduku ya kura angalau mara moja. Muda upo.

Nimejiandikisha kuzungumza katika kikao cha wazi cha halmashauri wiki ijayo, ambapo kila mkazi hupewa dakika tatu, na nimekwisha kumwandikia karani wa mji ili ombi hili liingizwe katika kumbukumbu za kikao. Makadirio yakitolewa nitayatafsiri kwa Kiswahili na kuyasambaza kwa familia zote za hapa ninazozifahamu kabla karatasi za kura hazijaanza kuwafikia kwa posta. Yasipotolewa, nitapiga kura ya ndiyo vilevile, na nitaendelea kugonga milango, na kwa kila atakayeniuliza kama tutarudi kuomba tena nitajibu kwamba tutarudi.